Kabla Hamjanunua Spika

Moshi, Jumapili jioni

Mama Glory mpendwa,

Bwana asifiwe. Huku kwetu wote wazima, ila mvua haitaki kuacha na njia ya kushukia barabarani ni tope tupu.

Umeniambia kamati yenu ya ujenzi inataka spika kubwa zaidi kwa kuwa wazee wanalalamika hawasikii mahubiri. Mwenzangu, izuie kwanza hiyo hela. Mimi ninayevaa mashine ya sikio nakwambia, kwa wengi wetu shida si udogo wa sauti. Uzee ukiingia masikioni huanza na sauti nyembamba za juu, yaani s, f, t, k. Irabu zinabaki. Mchungaji akisema "taa" mimi napata "aa" tu; huenda ni saa, huenda ni kaa, nabahatisha kwa maneno yanayofuata. Paa naweza kuitambua, maana midomo lazima ifungane, lakini hapo niwe nauona mdomo wenyewe. Ukiongeza sauti, hiyo "aa" inanipigia makelele na t bado haijarudi. Halafu kanisa lenu nalijua: vigae chini, kuta tupu, bati juu bila dari. Neno la kwanza halijaisha kuzunguka huko juu, la pili limeshafika.

Kwa hiyo dari na mapazia mazito vitawasaidia wazee kuliko spika. Taa nayo imulike uso wa mhubiri, na asisimame mbele ya dirisha, kwa sababu mwanga ukitoka nyuma yake uso unakuwa giza. Na umwambie, kwa heshima zote, asiibandike maiki mdomoni. Matangazo na namba za nyimbo ziandikwe ukutani. Kwenye harusi projekta huwa haikosekani, sijui Jumapili inakwendaga wapi!

Pesa ikibaki ndipo muulizie kitanzi cha waya. Ni waya unaozungushwa ukumbi mzima, chini pembezoni, ukaunganishwa na amplifaya yake inayopokea sauti kutoka kwenye miksa. Waya unatoa usumaku, na mashine ya sikio yenye koili ndani, yaani waya mdogo uliosokotwa, inaunasa mtu akiiweka swichi yake kwenye T. Sauti ya mhubiri inaingia sikioni moja kwa moja, bila mwangwi wala vikohozi vya benchi la nyuma. Raha yake siwezi kukueleza. Ila msikurupuke, maana si kila mashine ina hiyo koili, hasa zile ndogo zinazojificha ndani ya sikio, na wazee wengi hawana mashine kabisa. Waulizeni kwanza wenyewe wana nini.

Viziwi ni habari nyingine. Kijana aliyesoma shule ya viziwi kule Mwanga, spika hata ziwe ukubwa wa kabati hazimhusu. Yeye anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, asimame karibu na mhubiri kwenye mwanga, asifichwe nyuma ya kwaya. Mkikosa pa kuanzia, watafuteni CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Na tafadhali msimchukue binti yeyote aliyejifunza ishara mbili tatu mkamwita mkalimani, mtawachosha wote.

Wazee wa baraza wakibisha, waambie Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wamepungukiwa kusikia kwa kiwango cha ulemavu. Kisha wageuke watazamane. Mwenyekiti mwenyewe, nikikumbuka vizuri, siku ya harambee alikuwa anaitikia "amina" pasipo na sala.

Nikija Arusha kwenye kipaimara cha Glory nitafika mapema nikae benchi mbalimbali, nikuonyeshe wapi maneno yanapotelea. Mwite na fundi wenu wa vyombo awepo. Kikao cha kamati kikipangwa nitumie meseji. Usipige, unanijua.

Rafiki yako,
Mama Upendo