Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Chenji ya nyumba yangu iko wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kwa heshima zote. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizipeleka mwenyewe masjala, zikagongwa muhuri wa "imepokelewa". Muhuri ulitoka vizuri sana, nashukuru.

Nyumba yangu ilipigwa mnada miezi 11 iliyopita. Hilo sibishani nalo. Nilikopa, biashara ikayumba, marejesho yakanishinda, na hati ilikuwa rehani. Kilichonifanya niandike hadharani ni karatasi niliyoletewa Jumatatu. Ina mistari mitatu: deni na riba, ada ya dalali, halafu "gharama nyinginezo". Hizo nyinginezo zimeipita ada ya dalali mara mbili! Chini kabisa: salio, sifuri. Bei iliyouziwa nyumba haimo. Bei hiyo niliambiwa tu na jirani aliyekuwepo mnadani.

Utaratibu wa fedha za mnada unaujua kuliko mimi. Zinaondolewa kwanza gharama halali za mauzo, kisha analipwa mwenye rehani ya kwanza, deni la msingi na riba yake, halafu wenye rehani za baadaye kwa zamu yao kama wapo. Kinachobaki ni cha mwenye nyumba. Tuseme imeuzwa 100, deni ni 70, gharama 8: hizo 22 ni zangu, mkopeshaji kazishika kama amana tu. Na zingepungua, ningepigiwa simu alfajiri, maana mnada haufuti deni lililobaki. Zikipungua ni zangu, zikizidi ni "nyinginezo".

Labda riba ya adhabu iliendelea kuhesabiwa hata baada ya nyumba kuuzwa. Labda wakili kalipwa mara mbili, au kuna mlinzi aliyelipwa kulinda geti lisilo hata na komeo. Nakisia tu, kwa kuwa hakuna anayenieleza. Afisa mikopo, yule aliyekuwa akiniita "mteja wetu", ananituma kwa dalali. Dalali ananirudisha kwa afisa mikopo.

Mimi na wanangu tunalala chumba kimoja. Funguo za nyumba ile bado ninazo, sijui za nini, maana mnunuzi alibadilisha vitasa siku ileile.

Mheshimiwa, ulipoingia ofisini uliahidi kwamba kila mkopaji aliyeuziwa mali atapewa mchanganuo wa mauzo bila hata kuuomba. Tulikupigia makofi. Na mimi nilipiga, nyumba ikiwa bado yangu.

Sidai nyumba irudi. Naomba mchanganuo: iliuzwa bei gani, nani kalipwa nini, kwa risiti ipi. Kama kweli ni sifuri, basi nionyeshwe sifuri hiyo ilivyopatikana. Karatasi moja tu, Mheshimiwa. Ikishindikana kunitumia, nitakuja kuisubiri pale masjala. Benchi lao nimeshalizoea.

Wako mtiifu,
Mkopaji aliyeuziwa nyumba