Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Waendesha Pikipiki

Ndugu Makamu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha mbele yenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka uliomalizika. Safari za pamoja zilifanyika 7, na ya 8 iliahirishwa kwa sababu ya mvua. Ukaguzi wa breki, matairi na minyororo ulifanyika mara 2, mafunzo ya huduma ya kwanza mara 1, na Kamati ilikutana mara 9. Waliojiunga ni 5, waliojitoa ni 3, na tumebaki 62. Ajali zilizoripotiwa kwetu ni 2, zote za kuteleza kwenye changarawe konani, na waliohusika wamepona. Mambo haya mnayafahamu, kwa kuwa Katibu huyaandika kila mwezi, hivyo sitayarudia.

Lililozungumzwa sana pembeni na kidogo sana vikaoni ni Siku ya Familia, yaani siku tuliyowaita wanafamilia wetu ukumbini na kuwaeleza hatari za pikipiki. Nimepokea barua 2 za malalamiko, na wanachama 6 wametia saini hoja ya kutaka siku hiyo ifutwe kwa madai kwamba mwenyekiti aliwatisha wazazi na wenzi wao badala ya kuwatuliza. Kwa kuwa wazo lilikuwa langu, na kwa kuwa sipendi lawama ziwaangukie wajumbe wawili walionisaidia kuandaa ukumbi, naomba nieleze jambo hili tangu mwanzo.

Usiku mmoja, saa 5 na dakika chache, nilipigiwa simu na mke wa mwanachama mwenzetu akiuliza mumewe yuko wapi. Safari ilikuwa imekwisha salama tangu saa 2. Mwenzetu alikuwa amekaa na rafiki zake, na simu yake ilikuwa imezima. Nilimweleza hivyo, kisha nikaongeza maneno ambayo sote tumezoea kuyasema, kwamba asiwe na wasiwasi, mumewe ni dereva makini na haendeshi kwa kasi. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Mwenyekiti, mnapotuambia tusiwe na wasiwasi, mnajua kitu gani ambacho sisi hatukijui?" Sikuwa na jibu. Nilikata simu nikiwa nimeona aibu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mama yangu, baada ya kuanguka na pikipiki, kwamba mkono niliuumiza mlangoni, naye akaja kupata ukweli kwa jirani. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, hakuwahi kulala kabla ya kusikia muungurumo wa pikipiki yangu, na hakuna neno langu la kumtuliza ambalo alilisadiki tena.

Swali la yule dada nililipeleka kwenye Kamati. Tulijadili kwa vikao 2, tukapiga kura, na kwa kura 5 dhidi ya 3 tukaamua kuwaita wanafamilia na kuwaeleza hatari za pikipiki kama zilivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Huo ulikuwa uamuzi halali wa Kamati, na kumbukumbu za vikao hivyo ziko kwa Katibu kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Ni kweli kwamba nilisoma takwimu kwa sauti, na ni kweli kwamba ukumbi ulikaa kimya. Nilisema kwamba, kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na asilimia 21 kati yao ni watumiaji wa vyombo vya moto vya magurudumu mawili na matatu. Nilisema pia kwamba nchini Marekani, ukilinganisha kwa umbali uleule wa safari, vifo vya waendesha pikipiki huwa zaidi ya mara 20 ya vifo vya walio ndani ya magari. Wanaonilaumu wanasema hapo ndipo nilipoharibu. Mimi nasema kwamba hakuna mzazi aliyeingia ukumbini akidhani pikipiki ni chombo salama akatoka akiwa na hofu mpya. Hofu walikuja nayo. Walichokosa ni kujua hatari hiyo inatoka wapi, na ni sehemu gani yake iliyo mikononi mwa mtu wanayempenda.

Kwa sababu hiyo nilitumia muda mrefu zaidi, jambo ambalo malalamiko hayalitaji, kueleza utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na kutolewa mwaka 1981. Ni utafiti wa zamani, lakini hadi leo sijaona unaoeleza jambo hili kwa uwazi zaidi. Yeye na wenzake walikwenda kwenye maeneo ya ajali zaidi ya 900 jijini Los Angeles na viunga vyake, wakapima alama za matairi na kuwahoji waliohusika. Takriban robo tatu ya ajali hizo zilikuwa za pikipiki kugongana na chombo kingine, na katika theluthi mbili ya migongano hiyo dereva wa chombo kingine ndiye aliyekosa kutoa njia, mara nyingi gari likikata kona mbele ya pikipiki iliyokuwa inakuja. Nusu ya pikipiki zilizohusika zilikuwa zikienda chini ya kilomita 48 kwa saa kabla ya hatari kutokea. Ndugu wanachama, tafakarini namba hiyo. Maneno yetu ya siku zote, "mimi siendeshi kasi", hayamjibu mama anayeogopa gari litakalokatiza mbele ya mwanawe makutanoni, kwa sababu huko hata mwendo wa wastani unatosha kuua.

Watafiti hao walikuta pia kwamba asilimia 92 ya madereva waliopata ajali hawakuwahi kufundishwa rasmi, bali walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Kwamba pombe ilihusika katika karibu nusu ya ajali zilizoua. Kwamba dereva alikuwa na muda usiozidi sekunde 2 wa kujiokoa. Na kwamba wengi walikanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuzika, huku breki ya mbele, ambayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki, wakiigusa kidogo au wasiiguse kabisa. Mengi ya hayo yamo mikononi mwa dereva, na hicho ndicho nilichotaka familia zikisikie.

Uwanjani tulichora mistari kwa chokaa tukawaomba wanachama 8 wasimamishe pikipiki kutoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Watatu walioshika breki zote mbili kwa mpangilio walisimama kabla ya mstari wa pili. Watano waliotegemea mguu waliupita, na mmoja aliupita huku mkia wa pikipiki ukiyumba mbele ya mke wake na watoto. Naelewa kwamba alifadhaika. Hata hivyo, jioni ileile mke wake ndiye aliyeniuliza mafunzo ya breki yataanza lini.

Nisingependa kupita bila kueleza suala la helmeti, kwa kuwa hapo ndipo malalamiko yalipokuwa makali zaidi. Niliwasimulia wageni habari za Hugh Cairns, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo nchini Uingereza, aliyeitwa mwezi wa tano mwaka 1935 kumwangalia T. E. Lawrence, ofisa mashuhuri wa vita, aliyekuwa ameanguka na pikipiki akiwakwepa wavulana wawili wa baiskeli. Lawrence hakuwa amevaa helmeti, na baada ya siku 6 alifariki. Cairns hakuliacha jambo hilo. Alichunguza majeruhi wa pikipiki, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapeleka ujumbe wake wa pikipiki kuvaa helmeti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa baadaye, mwaka 2008, unaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69.

Kisha nikaitoa helmeti yangu, ile niliyoanguka nayo, nikaipitisha mkono kwa mkono. Upande wa kushoto, karibu na taya, rangi imekwanguliwa hadi nyuzi za ndani zinaonekana. Mama mmoja mtu mzima aliipitishia kidole pale ilipochubuka, akaigeuza, akauliza kifungo chake kinafungwaje. Nilipomwonyesha, aliinuka akatoka nje hadi kwenye pikipiki ya mwanawe, akachukua helmeti iliyokuwa imetundikwa kwenye kioo, akamvalisha, akafunga mkanda wa kidevuni, kisha akaishika kwa nyuma na kuisukuma kuelekea mbele. Helmeti ilitoka nzima ikabaki mikononi mwake. Aliitazama, akanitazama, akasema: "Mwanangu, kwa hiyo siku zote hizi alikuwa amebeba tu." Mwenzetu huyo ni mmoja wa waliotia saini hoja ya leo. Simtaji, na simlaumu kwa kuona haya mbele ya watu, lakini leo amekuja na helmeti nyingine inayomkaa vizuri kichwani, na mimi nahesabu hilo kuwa kazi ya Siku ya Familia.

Vilevile nimelaumiwa kwa kulazimisha vizibao vya kuakisi mwanga katika safari zetu, kwamba vinatufanya tuonekane kama vibarua wa barabara. Hilo ndilo kusudi, tuonekane. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba madereva waliovaa mavazi ya kung'aa au kuakisi mwanga walikuwa na hatari ya kuumia iliyo pungufu kwa asilimia 37 kuliko wasiovaa, na kwamba wenye helmeti nyeupe walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi.

Sikumwahidi mzazi wala mke wala mume yeyote kwamba mtu wake hatapata ajali. Tulikubaliana mambo machache, na naona wanaolalamika hawajaambiwa kwamba familia nazo zilipewa wajibu. Mwanachama ataacha nyumbani maelezo ya njia atakayopita na saa anayotarajia kufika, na atatuma ujumbe akifika, si akiwa njiani. Familia nayo haitampigia simu mfululizo akiwa barabarani, kwa kuwa kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki husonga karibu mita 17 kila sekunde, na jicho linaloshuka kutazama mfuko unaotetemeka haliko barabarani. Kila mmoja atabeba kadi yenye jina na namba ya ndugu. Tulifundisha pia kwamba aliyeanguka asivuliwe helmeti kwa pupa na mtu asiye na ujuzi, isipokuwa hapumui na hakuna namna nyingine ya kumsaidia. Wazazi waliyaandika haya kwa kalamu zao. Nilitamani wanachama wote wangekuwepo kuona.

Wanachama watatu waliojitoa walifanya hivyo baada ya siku hiyo, na wawili kati yao wameuza pikipiki. Jambo hilo limeniuma, maana mmoja nilimfundisha mimi mwenyewe kuachia klachi. Hata hivyo, mtu ambaye familia yake ilikuwa ikimruhusu kwa sababu tu haikuambiwa ukweli, hakuwa na ruhusa. Na ieleweke kwamba kati ya 5 waliojiunga, 2 waliletwa na wake zao.

Sasa nije kwenye mahudhurio, na hapa nasema kwa masikitiko. Siku ya Familia walifika wanafamilia 71, na wanachama 26 kati ya 62. Yupo mama aliyefika kwa gongo, na mwanawe ambaye ni mwanachama hakuonekana. Mkutano wa robo ya pili ulikuwa na watu 19, wa robo ya tatu 14, na wa robo ya nne haukufanyika kwa kukosa akidi. Waliolipa ada yote ni 22, waliolipa nusu ni 17, na ambao hawajalipa chochote ni 23, maana yake tumekusanya chini kidogo ya nusu ya tulichopaswa kukusanya. Kwa fedha hizo tulinunua vizibao 40 na visanduku 2 vya huduma ya kwanza, na deni la ukumbi nimelilipa mimi kwa muda kutoka mfukoni mwangu. Naambiwa Siku ya Familia ilikula fedha za chama. Kati ya wanachama 6 waliotia saini hoja hiyo, 4 hawajalipa ada ya mwaka huu.

Kwa mwaka ujao, hali ya fedha ikiruhusu, tunatarajia kumpata mkufunzi wa kudumu wa breki na kona, kutafuta uwanja ulio karibu zaidi, na kuangalia uwezekano wa kununua helmeti kwa pamoja ili bei ipungue. Tarehe zitatangazwa baadaye.

Hoja ya kufuta Siku ya Familia ni ajenda namba 6. Kwa kuwa inanihusu, kiti nitampisha Makamu Mwenyekiti, nami nitazungumza nikiwa mwanachama wa kawaida. Nimemwalika pia yule dada aliyenipigia simu usiku ule, amekaa safu ya nyuma, na nitaomba mkutano umpe dakika 5.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti