Barua ya wazi kwa mjomba wangu diwani: dawa zipo, wa kuzifikisha wamerudishwa nyumbani

Shikamoo mjomba. Kamwene.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ulichosema mbele ya ukoo ulikisema hadharani, na wenzako wengi wa baraza nawasikia wakisema vivyo hivyo: “Kelele za nini? Dawa za VVU ziko hospitali, ni bure, mtu mzima anajua njia.” Sikukujibu siku ile. Mpwa habishani na mjomba wake mbele ya wageni. Lakini msimu wa bajeti hausubiri adabu zangu, na wewe una kura ndani ya baraza.

Dawa zipo, hilo ni kweli na namshukuru Mungu. Zinatolewa bure tangu 2004, na wewe na mimi tunawajua watu waliokuwa wamelazwa chini wanasubiri kufa ambao leo wanalima viazi. Ninacholilia ni kingine.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Hata wiki haijaisha, mashirika yaliyoendesha miradi ya VVU kwa fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, yakaandikiwa kuacha kazi. Sisi wa ngazi ya chini kabisa tulipata ujumbe wa simu: usiende fildi, usimpigie mteja, rudisha fomu. Februari ikaja ruhusa ya huduma za kuokoa maisha, na ARV zikapona humo. Dawa kinga, zile anazomeza mtu ambaye hajaambukizwa ili asiambukizwe, zikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Dada wa baa akaachwa nje. Dereva wa lori akaachwa nje. Mume mzima ambaye mke wake ndiye anayeishi na VVU, naye nje. Tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi, na wengi wetu hatukuitwa tena.

Sasa tazama mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima Tanzania wanaishi na VVU. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Unaijua hali hii, umezika watu kama mimi nilivyozika. Lakini utafiti uleule una hesabu nyingine ambayo ningependa uisome mbele ya baraza. Kwa nchi nzima, kati ya watu wazima 100 wenye VVU, 83 hivi ndio waliokuwa wanajua hali zao. Kati ya hao waliojua, karibu asilimia 98 walikuwa kwenye dawa. Kati ya waliokuwa kwenye dawa, asilimia 94 virusi vyao vilikuwa vimefubaa.

Mtu akishajua hali yake, huduma inamshika vizuri sana. Tunapopungukiwa ni pale mwanzo, kwa wale 17 ambao hawajui. Hawana faili, hawana namba ya CTC (kliniki ya VVU), hakuna muuguzi wa kuwaulizia kwa nini hawajafika. Ukisema mtu anajua njia ya hospitali, hao hawajui kama wana safari.

Twende Makambako, maana ndiko nilikofanya kazi. Pale barabara ya Songea inakutana na ile ya Tunduma. Malori yanaanza kuegesha jioni, moja moja, mpaka sehemu nzima inanuka dizeli na nyama choma. Kliniki imefungwa saa tisa na nusu alasiri. Dereva amefika saa mbili usiku, ataondoka saa kumi na moja alfajiri, na kesho yuko mpakani. Dada anayemhudumia mezani analala asubuhi, na bosi wake anamkata hela akichelewa mchana. Hao wawili unawapa njia gani ya hospitali, mjomba?

Tulikuwa tunawafuata palepale. Mwenzetu mmoja, naye anaishi na VVU na hafichi, alikuwa anakaa na mkoba wake kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Mle ndani kuna vipimo vya kujipima kwa mate, kondomu na daftari. Unapitisha kile kijiti kwenye ufizi, unakichovya kwenye kichupa, mnapiga stori za mazao dakika ishirini, jibu linatoka. Likitoka la kutia wasiwasi, hatukumwambia mtu “nenda hospitali” tukamwacha. Tulimsindikiza asubuhi kwa kipimo cha kuthibitisha, tukampeleka kwa muuguzi tunayemjua kwa jina, na tukamngoja nje.

Kuna dada alikuwa anaacha dawa kila akienda kwao kijijini. Kwenye kadi yake ya CTC ungesoma “mtoro”. Shida yake ilikuwa kopo. Vidonge vinacheza ndani, vinalia kwenye begi, na kwao wanalala watatu chumba kimoja. Mwenzetu yule alimwonyesha namna ya kujaza pamba juu ya vidonge mpaka kopo likanyamaza. Kazi ya dakika mbili. Hakuna daktari aliyewahi kumuuliza kwa nini anaacha dawa akisafiri, na simlaumu daktari mwenye foleni ya watu sitini. Aliyeuliza alikuwa mtu aliyewahi kuficha kopo lake mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi iliyosimama. Mwenye virusi vilivyofubaa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Mama mjamzito asiyepata huduma yoyote anaweza kumwambukiza mtoto kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45, na akihudumiwa vizuri unashuka chini ya 5. Kwa hiyo lile kopo lililonyamazishwa kwa pamba lilikuwa linamlinda mume ambaye hajaolewa naye bado na mtoto ambaye hajazaliwa.

Najua utaniambia serikali ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Naupenda mpango huo. Ulizinduliwa Januari 2024, na lengo ni wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji na mtaa. Watafaa sana kwa malaria, lishe na wajawazito. Lakini mhudumu huyo ni jirani, amechaguliwa na mkutano wa jirani, anasali na majirani. Wapo watu wetu ambao wangekufa kabla ya kumfungulia jirani mlango akiwa na daftari la VVU. Huwafikia mtu anayefanana nao: dada wa baa kwa dada wa baa, kijana kwa kijana, anayeishi na VVU kwa anayeishi na VVU. Hawa wawili wafanye kazi pamoja, na wote walipwe. Kuweka mlango mmoja, saa zilezile, kwa kila mtu, halafu kumlaumu asiyepita, hiyo si haki hata kidogo, na mlima chai na dada wa baa ndio wanaoilipia.

Na hili la kusema “kazi ya wazungu, wameondoka nayo” linaniuma, mjomba. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. WAMATA, shirika la kusaidia walioguswa na UKIMWI, ilianzishwa hapa Tanzania 1989, na kule Uganda TASO, shirika kama hilo, ilishaanza 1987. Watu walikuwa wanauguzana, wanazikana na kulea yatima, wakati dawa za kufubaza virusi hazijatufikia. PEPFAR ilikuja 2003. Ilileta fedha nyingi, imeokoa mamilioni ya watu Afrika, na sitaidharau. Lakini ilitukuta tayari tuko kazini. Kwa nini basi ikiondoka tuambiwe kazi imekwisha?

Sasa hivi kuna sindano ya kinga, lenakapaviri, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Kwenye utafiti wa Afrika Kusini na Uganda, kati ya wasichana na wanawake zaidi ya 2,000 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria dada wa Makambako asiyeweza kuweka kidonge chumbani. Halafu nikajiuliza, siku sindano ikimfikia mganga mkuu wetu, nani atakwenda kumwita? Novemba 2025 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulikuwa unatafuta dola bilioni 18, ukaahidiwa bilioni 11.34. Anayesubiri mfadhili mwingine aje kuziba pengo lote atasubiri sana.

Ninachoomba ni kidogo na kiko ndani ya uwezo wa halmashauri. Kasma ya posho kwa waelimisha rika na wafuatiliaji, isomeke kwa jina lake kwenye bajeti, itoke kwenye mapato ya ndani, isifichwe ndani ya “shughuli za UKIMWI” zinazoishia kwenye fulana za Desemba Mosi. Fedha za nauli na za simu, maana huwezi kumtafuta aliyepotea kwa miguu. Kliniki ya jioni Makambako, hata siku mbili kwa wiki. Na kamati ya kudhibiti UKIMWI ikikaa, watu wa Konga, mtandao wa wanaoishi na VVU, wasomewe takwimu zote na waruhusiwe kuzihoji: wangapi wamepotea, kituo gani kimeishiwa vipimo, muuguzi gani anatangaza majina ya watu kwenye foleni. Serikali kuu nayo imeleta tozo mpya kwenye bajeti ya 2025/26, na sehemu yake imeelekezwa kwenye Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI. Uliza barazani, kwa maandishi, kiasi gani kitashuka mpaka kwenye kata yako.

Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata. Kabla makadirio hayajapelekwa juu, tupe nusu saa kwenye ajenda. Nitakuja na watu watatu wa Konga na yule mwenzetu wa saluni, ambaye ameniruhusu kumtaja hivyo. Tutaleta hesabu ya posho, nauli na simu kwa mwaka mzima, imechapwa, ili mtu asiseme hatujui gharama. Mtendaji wa kata nimeshamwachia barua ya maombi. Inasubiri saini yako.

Mpwa wako