Wauguzi wapewe muda wa kuwafundisha wagonjwa wa baridi yabisi

Mhariri,

Shangazi yangu ana baridi yabisi, ugonjwa wa kuvimba viungo. Mwaka jana aliandikiwa methotreksati, dawa ya kuuzuia ugonjwa huo, katika hospitali moja ya mkoa, na dirishani akapewa bahasha iliyoandikwa 4x1. Sote tumezoea kuyasoma hivi maandishi hayo: vidonge vinne, mara moja kwa siku. Kumbe kwa ugonjwa huu methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku hushusha chembe za damu, na inaweza kuua. Haikupita wiki, mdomo ukajaa vidonda, hata uji haupiti. Akalazwa.

Aliyemwelewesha ni nesi wa wodini. Alivuta kiti akamuuliza, “Mama, siku gani ya wiki huwezi kuisahau?” Shangazi akajibu Ijumaa. Ruhusa ilipotoka na daktari akaikubali tena ile dawa, nesi akaandika kwa kalamu ya wino mzito: IJUMAA TU. Foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara ya methotreksati, akampangia Jumapili. Kisha akamtaka arudie yote kwa maneno yake mwenyewe, na alipokosea akamwelekeza upya, bila kumfokea.

Ninachoiomba Wizara ya Afya ni kwamba mazungumzo ya namna ile yasitegemee wema wa nesi mmoja. Yawe kazi rasmi, yenye muda na chumba, na yaandikwe kwenye faili la mgonjwa. Tunajua inawezekana, kwa sababu wagonjwa wa kisukari na wanaotumia dawa za VVU hufundishwa na wauguzi kliniki. Huko Ulaya, chama cha wataalamu wa magonjwa ya viungo, EULAR, kilitoa mapendekezo kuhusu kazi ya wauguzi mwaka 2012, na la kwanza kabisa ni hilo: mgonjwa awe na muuguzi wa kumwelimisha kwa kipindi chote cha ugonjwa wake.

Ya kufundisha ni mengi. Methotreksati huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonyesha nguvu yake. Asiyeambiwa hivyo huiacha mapema, akaenda duka la dawa kununua diklofenaki na prednisoloni, kwa kuwa hizo humtuliza upesi. Maumivu yanapoa, lakini diklofenaki haiuzuii ugonjwa kuendelea kula viungo, na ikizoeleka huumiza tumbo na figo. Prednisoloni ya kujinunulia kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Mwanamke anayetumia methotreksati hatakiwi kushika mimba, na ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, wengi wao wakiwa bado na umri wa kuzaa. Kuna pia vipimo vya damu na ini, na kujiepusha na pombe. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hawezi kuyamaliza hayo yote.

Najua wauguzi wenyewe wamezidiwa, na kuwaongezea jukumu bila kuwaongezea watu ni kuwaonea. Kwa hiyo ombi langu ni la ajira pamoja na mafunzo: kila hospitali ya mkoa ianze na muuguzi mmoja aliyesomea magonjwa ya viungo, apangiwe siku yake ya kliniki, na asihamishiwe wodi nyingine kila zamu inapopungukiwa.

Msomaji wako,
Tanga