Mwanangu, niliuona mguu wako

Mwanangu mpendwa,

Ile video imenifikia. Aliyenitumia hakuandika neno, na mimi sikumjibu. Niliitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nakutafuta katikati ya watu, taa zinawaka na kuzima. Mara ya pili nikaiona chupa mkononi. Mara ya tatu ndipo nikauona mguu wako wa kushoto. Bandeji imelegea, ncha yake inaburuta sakafuni, nawe unarukaruka. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu utolewe uwanjani huku umeshikiliwa na watu wawili.

Najua daktari wa timu alikwambia. Kifundo kikiteguka, siku mbili tatu za mwanzo pombe haiguswi, maana inazidisha uvimbe. Tena mtu akilewa hasikii maumivu vizuri, anaukanyagia mguu ambao angeupumzisha.

Sijakaa kuandika ili nikugombeze. Una miaka 22, unajitegemea, na sijawahi kuamini kwamba mchezaji akionekana na glasi basi kipaji kimekwisha. Wapo waliokunywa na makombe wakabeba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Pombe haikudai siku ileile. Unaamka, unakwenda mazoezini, Jumamosi unafunga bao, jukwaa zima linaimba jina lako. Nani atakusikiliza ukisema kuna kitu hakiko sawa? Wewe mwenyewe hutajisikiliza.

Mfikirie George Best. Alikuwa na umri wako huohuo, 22, alipobeba Kombe la Ulaya na Manchester United mwaka 1968, na mwaka huohuo akatwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Starehe za usiku alikuwa ameshazianza, na bado mabeki walikuwa wanamkimbiza tu. Miaka 6 haikutimia, mapema mwaka 1974 akaondoka pale akiwa na miaka 27. Aliendelea kucheza huku na kule, lakini kile kilele hakukirudia. Mwaka 2002 akabadilishiwa ini, akanywa tena, na mwaka 2005 akafariki akiwa na miaka 59. Mimi huwa sikai sana kwenye kile kifo. Nakaa kwenye ile miaka 27. Ni umri ambao mchezaji ndiyo kwanza anauelewa mpira.

Mwili wako unachofanya usiku baada ya mechi ni kazi, mwanangu, hata kama umelala. Unashona misuli iliyochanika, unarudisha nguvu iliyotumika. Pombe inauchelewesha ushonaji huo, inakukojoza maji ambayo tayari uliyatoa kwa jasho, na usingizi wake unaonekana mzito kumbe umekatikakatika. Ukiwa na miaka 22 mwili unafidia, na kwa kuwa unafidia kimyakimya unadhani hakuna kilichopungua.

Naujua pia upande wa pili, ambao mashabiki hawauoni. Mazoezi yanaisha mchana, halafu siku nzima iko wazi, pesa ipo, na kila anayepiga simu anataka mtoke. Baada ya mechi ya usiku moyo bado unadunda, usingizi hauji, na chumba kiko kimya kupita kiasi. Umefungwa, mitandaoni wanakutukana. Hapo hata mimi ningetafuta mahali penye kelele. Kwa hiyo sikuulizi kwa nini ulikwenda. Nakuuliza ulikuwa unakimbia nini, na kama lipo jambo unaogopa kunieleza.

Maana kusema kunasaidia. Tony Adams alikuwa nahodha wa Arsenal, ameshafungwa jela kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na bado anashinda mechi. Mwaka 1996 akasimama mbele ya wenzake akawaambia yeye ni mlevi. Angeweza kunyamaza, maana namba yake haikuwa na mpinzani. Mwaka 1998 akanyanyua ubingwa wa ligi na Kombe la FA msimu mmoja, na mwaka 2000 akaanzisha kliniki ya Sporting Chance kwa ajili ya wanamichezo wenye tatizo kama lake. Sisemi wewe umefika huko. Nasema yeye alifika huko akiwa nahodha.

Ukitaka kutoka, toka ligi ikiwa mapumzikoni, mguu ukiwa mzima, na usukani ashike asiyekunywa. Na wale mnaotoka nao, angalia ni nani kati yao alikuja kukuona ulipokuwa umelala na barafu mguuni.

Halafu ile bandeji ulikuwa umeifunga vibaya. Anzia karibu na vidole, panda nayo juu kupita kifundo, isilegee wala isikubane hadi vidole vife ganzi. Ukimaliza nipigie video nione. Hata ikiwa saa tisa usiku, napokea.

Mama yako