Wasambazaji watoe msimbo chanzo uliokamilika

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mgogoro wa leseni za programu huria, yaani zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadili na kuzisambaza, wasambazaji wa vifaa hukimbilia utetezi uleule: programu ilipatikana bure, hivyo anayelalamika anatafuta fedha. Naupinga utetezi huo kwa nguvu zote, kwa kuwa unamfanya mwenye haki aonekane mkosaji.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi unaotumika katika vifaa vingi, iko chini ya leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 2, la mwaka 1991. Leseni hiyo haidai hata senti. Inamtaka anayesambaza programu, hata kama imo ndani ya ruta au televisheni, atoe pia msimbo chanzo, yaani maandishi ya msanidi ambayo programu hutengenezwa kutokana nayo, au aahidi kwa maandishi kuutoa kwa muda usiopungua miaka 3. Asiyetimiza sharti hilo hupoteza ruhusa ya kusambaza, na tangu hapo anavunja hakimiliki kwa kila kifaa anachouza. Mahakama ya Munich iliitambua nguvu ya leseni hiyo mwaka 2004. Mjini Paris, kampuni ya simu ya Orange iliamriwa mwaka 2024 kulipa zaidi ya euro 500,000 kwa kuikiuka, baada ya kesi iliyodumu zaidi ya miaka kumi.

Wanaokataa waziwazi angalau unajua wamesimama wapi. Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaotoa faili nusunusu: toleo si lile lililomo kwenye kifaa, na skripti za kujengea programu, yaani maelekezo ya kompyuta ya kugeuza msimbo kuwa programu inayofanya kazi, hazimo, ingawa GPL inazitaja bayana. Msanidi akijaribu kuijenga, haijengeki. Akiuliza, anaambiwa mtengenezaji wa chipu hakutoa msimbo. Hilo si jibu. Leseni humfunga kila anayesambaza, na aliyeuziwa chipu bila msimbo alipaswa kuudai kabla hajasaini mkataba.

Faida ya kutii inaonekana. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilibanwa hadi ikatoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G. Kutokana na msimbo huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, ambao hadi leo unazipa masasisho ya usalama ruta zilizokwisha kutelekezwa na watengenezaji wake.

Ni kweli wapo wasanidi waliogeuza leseni kuwa mtaji. Nchini Ujerumani, mchangiaji mmoja wa Netfilter, sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano ya mtandao, alizidi kudai malipo, na mwaka 2016 wenzake wakamsimamisha. Mwaka uliofuata wasanidi wengi wa kerneli walitangaza kwamba anayekosea kwa mara ya kwanza, akirekebisha kosa ndani ya siku 30 baada ya kuarifiwa, anarudishiwa ruhusa yake moja kwa moja. Watu wenye njaa ya fedha hawatoi nafasi kama hiyo.

Wanunuzi nao wana sauti. Mwaka 2021 shirika la Software Freedom Conservancy liliishtaki kampuni ya Vizio likiwa mnunuzi wa televisheni zake, likidai msimbo na si fidia. Wanahabari wanaweza kusaidia pia. Nakuomba, Mhariri, gazeti lako linapotathmini ruta au televisheni mpya, liombe msimbo chanzo wake, limpe msanidi aujaribu, kisha liwaeleze wasomaji kama ulitolewa na kama ulijengeka.

Wako,
Msanidi wa programu huria