Kaka, Mama anakuja kwako: soma hii kabla sigiri haijawashwa

Asalaam aleikum, Kaka.

Simu yangu hupokei, ujumbe unausoma hujibu, na shemeji nikimpigia anasema uko kwenye mkutano. Sawa. Nakuandikia hapa mtandaoni basi, maana najua kila usiku lazima upite hapa kusoma. Wakisoma na wengine wenye wazazi wa presha, haidhuru.

Mama anakuja kukaa kwako Ntinda, Kampala, likizo yote, mpaka watoto warudi shule. Ameomba mwenyewe, na mimi sikumzuia. Wewe ndiye kifungua mimba wake, na huku Walukuba, Jinja, hapiti siku bila kukutaja. Lakini presha haijui kifungua mimba wala kitinda mimba, na ile sukari ambayo daktari alisema imeanza kupanda haijali nani amejenga ghorofa.

Tuanze na safari. Taksi ikisimama Namawojjolo, pale sokoni barabarani, wale vijana watajaa dirishani na kuku kwenye vijiti. Gonja la kuchoma, ile ndizi, ale, moja, halina chumvi wala mafuta. Kuku wa pale aachwe, na soda pia. Nitampa chupa yake ya maji yaliyochemshwa, kwa hiyo usimpigie dereva simu kumwagiza amnunulie Mama "kitu cha baridi". Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na zaidi, yaani vijiko 7 au 8 vya chai. Ile ya plastiki ya nusu lita ni kama vijiko 12. Hebu vipime kwenye kikombe uone kama kuna mtu mwenye akili zake angevikoroga akanywa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Chupa moja ya njiani imemaliza siku nzima.

Chumvi ndiyo kubwa. Mtu mzima anatakiwa abaki chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, na kisijae. Hicho ni cha siku nzima, na ndani yake imo chumvi ya mkate, ya chapati, ya siagi ya kopo, na ya vile vidonge vya mchuzi ambavyo binti wako wa kazi anavunja viwili viwili. Vidonge hivyo na ule unga wa pakiti, sehemu yake kubwa ni chumvi tu yenye rangi. Ukiweka kidonge, chumvi ya kopo usiiguse tena. Bora uache kidonge utumie kitunguu kingi, tangawizi, giligilani na limau. Sufuria ya mchuzi wa watu watano iwekewe nusu kijiko cha chai, basi, tena mwishoni ikishateremshwa. Ukiitia mwanzoni mchuzi unakauka na chumvi inabaki palepale, mpishi anaonja mapema anaona haijakolea, anaongeza. Halafu ikichemka muda mrefu madini joto yake yanapotea. Wiki chache za mwanzo nyote mtasema chakula ni chapwa. Vumilieni, ulimi unazoea, na baadaye mchuzi wa watu ndio utakaoona umezidi.

Na magadi kwenye maharage! Najua wanayatia ili yaive haraka, makaa yasiishe. Magadi yana sodiamu ileile ya chumvi, presha inapanda vilevile, na juu ya hapo yanaua vitamini B1 ya maharage. Loweka jioni, maji yapite maharage vidole vinne, asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, chemsha kwa moto mkali dakika 10 za kwanza, kisha punguza. Yakikataa kuiva baada ya saa mbili ni maharage ya zamani yaliyokaa ghalani. Hilo ni kosa la muuzaji, si sababu ya kutia magadi.

Sasa nikukumbushe ile Idd, maana wewe unajifanya umesahau. Sebule imejaa, wazee wa msikitini wamekaa mkekani, Mama ameshapakuliwa sahani yake: matoke, dodo (mchicha), mchuzi wa karanga. Ukanyoosha mkono mbele yake ukachukua kichupa cha chumvi, ukanyunyiza mara tatu bila hata kuonja, ukasema, "Mnamlisha mama yetu kama sungura, mzee huyu hajafa bado." Watu wakacheka. Mama akakuangalia wewe, akaniangalia mimi nimesimama mlangoni na bakuli la kachumbari, akala. Akala yote, Kaka, ili wewe usiaibike mbele za watu na mimi nisishinde. Ningeweza kukusamehe chumvi. Ile "mnamlisha" ndiyo imenikaa hapa kooni, kana kwamba mimi nimekaa naye miaka yote hii nikimnyima. Nani anayechambua karanga zake? Nani anapima unga? Wewe unalipa dawa, Mungu akuzidishie, sijawahi kusema hulipi. Lakini dawa ya presha inayomezwa juu ya chumvi ya namna ile inafanya kazi ikivutwa shati nyuma.

Haya, tuendelee, kuna kupika.

Karanga nimemfungashia, zilizochambuliwa. Zikiisha nunua punje nzima, usinunue zilizosagwa tayari. Mwaga kwenye ungo, toa zilizoota ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika. Zile zina sumu ya ukungu, aflatoksini, inayoharibu ini na kuleta kansa yake, na moto wa jikoni hauiondoi hata ukichemsha mchana kutwa. Ukinunua za kusagwa hujui kilichosagwa. Usiwape kuku hizo ulizotoa, tupa. Twanga, kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitatu vya maji ya baridi, koroga kwanza mpaka laini ndipo uweke motoni. Ukianza na maji ya moto unapata madonge. Koroga bila kuondoka mpaka ichemke, kwa sababu inafura na kumwagika ukigeuka tu, halafu moto mdogo dakika 30 au 40 mpaka mafuta yaelee juu. Usitie mafuta ya kupikia. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta tayari. Vijiko vikubwa vitatu vya mchuzi huo vinamtosha kwa mlo mmoja, hata akikulalamikia.

Matoke yapikwe kwa majani ya mgomba. Najua mjini majani ni ya kununua na kaveera, mfuko wa plastiki, ni ya bure, lakini kaveera juu ya mvuke wa saa mbili inatoa vitu vyake ndani ya chakula, na hakuna sababu Mama alishwe plastiki. Chini ya sufuria panga mirija ya majani ili maji yasiguse kifurushi, funga vizuri, ongeza maji pembeni yakipungua. Ukikosa majani kabisa, menya uchemshe ya katogo kwa nyanya na maharage, ni afadhali.

Halafu sahani. Huko kwenu mtu anapakua matoke, wali, posho, viazi mviringo na muhogo, vyote pamoja, kisha jani moja la nakati pembeni kama pambo. Mama achaguliwe kimoja, ukubwa wa ngumi yake, si ngumi yako. Nusu ya sahani iwe majani: dodo, nakati, sukuma, yoyote yaliyo sokoni. Yaoshe kabla ya kukatakata, yaive kwa mvuke dakika chache, na yale maji usimwage. Kamulia limau juu, linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Kwa sababu hiyohiyo chai isinywewe na chakula, inayazuia. Aingoje saa moja. Chai yake ni ya rangi, mchaichai au tangawizi, bila sukari, na ameshazoea. Watoto wako ndio watakaomshawishi.

Mukene, yaani dagaa, nao nimemfungia, wa Masese, waliokaushwa kwenye chanja. Wanaoanikwa chini wana mchanga hata uoshe mara ngapi. Waliwe wazima na mifupa yao, chokaa ya mifupa iko humo.

Ulisema vyakula hivi vya kupima ni vya wazungu. Kaka, hilo linanichekesha. Wale madaktari wawili walioifundisha dunia kwamba makapi ya nafaka na nyuzinyuzi za mboga ni kinga, Denis Burkitt na Hugh Trowell, walifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Waliwaona wagonjwa wa hapa Uganda, waliokula ulezi, viazi, maharage na majani, wakashangaa kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza hapa ni nadra. Miaka ya 1970 ndipo wakaeleza kwa nini. Walichokisifia ni chakula cha bibi zetu. Na hata viazi vitamu vya rangi ya chungwa unavyoviita vya watoto, mmoja wa waliovizalisha ni Mganda, Robert Mwanga, akapata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu. Vichemshe na maganda, ale na kipande cha ovakado, maana vitamini A yake inahitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini.

Asubuhi ni uji wa ulezi. Kikombe kimoja cha unga, vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa, funika kwa kitambaa, uache siku moja au mbili mpaka unuke uchachu. Uchachu huo unavunja kile kinachoshika madini ya chuma ndani ya nafaka. Kisha mimina polepole kwenye vikombe sita vya maji yanayochemka, koroga, dakika 15. Ukiota ukungu wa rangi juu, usiukwangue ukapika, mwaga wote. Sukari hapana. Nusu ndizi mbivu iliyopondwa inatosha.

Sasa hili la utulivu, ambalo ulilicheka kuliko yote. Mama hali mbele ya televisheni. Kwako inawashwa asubuhi inazimwa usiku wa manane. Wakati wake wa kula izimwe, na simu za watoto ziwekwe chumbani. Tumbo linachukua kama dakika 20 kuuambia ubongo limeshiba, na anayekula huku anaangalia habari za ajali anazipita hizo dakika akiwa kwenye sahani ya pili. Akae, apige bismillah, atafune, aweke chini kijiko kati ya tonge na tonge.

Baada ya swala ya alasiri anabaki kwenye mswala wake. Usimwite, usimtume mtoto amuulize anataka nini. Anavuta pumzi kwa pua, hesabu ya 4, anaitoa taratibu hesabu ya 6, dakika 5, halafu tasbihi. Mapigo ya moyo yanatulia, naye analala vizuri. Watu wanakosea kwa kuvuta pumzi kubwa kubwa kama wanapuliza puto: kichwa kinazunguka, vidole vinachonyota, wanasema zoezi limewadhuru. Pumzi iwe ya kawaida, kutoa tu ndiko kuwe kurefu. Na wewe ungekaa naye hizo dakika tano, kwa ile kazi yako na ile hasira yako, usingepungukiwa na kitu. Mgeni siku ya tatu humpa jembe. Wewe mpe matembezi ya dakika 15 baada ya chakula cha jioni, mpaka kwa fundi viatu na kurudi, sukari yake haitaruka.

Habari za kile kiwanja sizigusi hapa.

Imebaki mashine ya presha. Uliinunua wewe, ni kweli, na ile Idd uliondoka nayo kwenye buti. Tangu hapo nampandisha Mama boda mpaka kliniki kupimwa. Itoe basi, iwe mezani akifika. Aende haja kwanza, akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiwe amekunywa chai nusu saa iliyopita, na mtu asimsemeshe. Kitambaa kivalishwe mkono mtupu, vidole viwili juu ya kiwiko. Kikiwa kidogo kwa mkono kinasoma juu kuliko ukweli, na mkono wa Mama si mwembamba. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja, andika zote. Hata ikisoma vizuri dawa haiachwi, inasoma vizuri kwa sababu ya dawa. Ikifika 180 kwa 120 na kichwa kinamgonga, au kifua kinabana, au mdomo umekwenda upande, au maneno hayaeleweki, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usinipigie mimi kwanza.

Badilisha betri, zimekaa kwenye gari lako muda mrefu. Anapanda taksi Jumamosi baada ya alfajiri. Na utumie mkono wake wa kulia, ndio unaosoma juu zaidi.